Kupoa si Kupona

Gari la mjomba Ademar lilikuwa na saa yake ya kufa:
dakika ya ishirini na mbili, langoni pa kiwanda cha nyama
kilichofungwa kabla sijazaliwa.
Hukohoa mara moja, kama mtu aliyekumbuka jambo,
kisha kimya,
na upepo wa Julai wa Fray Bentos unapiga vioo.

Tukakaa humo robo saa, tukipokezana kibuyu cha chai chungu,
mrija mmoja, midomo miwili.
Halafu ufunguo, na Austin inanguruma bila haya,
kana kwamba ni sisi tuliokuwa tumesimama.

Petroli chafu, alisema fundi wa stendi.
Platini mpya. Kondensa mpya. Plagi nne mpya.
Kabureta, alisema Bwana Olivera, asiye na gari.
Hakuna aliyetaja lile kopo jeusi ubavuni mwa injini,
lenye mafuta tumboni na waya mwembamba kuliko unywele
uliojizungusha maelfu kwa maelfu.

Nikalipima. Asubuhi, vidole vikiuma kwa baridi.
Waya mnene: omu tatu na nukta moja.
Waya mwembamba: elfu nane na ushei.
Zima kabisa.
Mjomba akafurahi kupita kiasi, akaniambia nifunge boneti,
na hapo nikamshuku yeye, si koili.

Mwenye homa ya jioni hapimwi asubuhi.
Tukaenda tena hadi langoni. Ikakohoa.
Nikaruka na mita kabla kopo halijapoa, likaniunguza kiganja.
Waya mnene, sawa.
Waya mwembamba, sindano haikutikisika.
Umekatika ndani, nikamwambia: ukipata moto ncha zinaachana,
ukipoa zinagusana.
Kupoa si kupona, mjomba.

Akatazama chimni za kiwanda.
“Hiyo aliifunga Nibya.”

Nilijua. Mkaza mjomba ndiye aliyekuwa fundi nyumbani mwao;
yeye kazi yake kushika tochi, na kuishika vibaya.
Kwenye skrubu moja bado kuna tone la rangi ya kucha,
nyekundu iliyoiva, ili Ademar asikosee
siku atakayokuwa peke yake.

Koili mpya ililetwa na basi la Montevideo
ndani ya boksi la biskuti.
Parafujo mbili za kishikio: moja ikakubali,
ya pili akaibembeleza, akaitukana, akaiomba radhi.
Mimi nikaunga nyaya kama wanavyounga watu wa leo,
hasi kwenye distribyuta.
Injini ikawaka. Nikashika boneti.

“Ngoja,” akasema.
Akavuta penseli ya seremala nyuma ya sikio,
akachomoa waya wa plagi, akaweka ncha ya penseli katikati ya cheche.
Mwali ukapepea upande wa waya.
“Umegeuza. Gari hili chanya yake iko kwenye bodi.
Mwali mzuri hukaa upande wa plagi.”
Mtu wa tochi! Nikabadilisha, kimya,
nikifuata tone jekundu kwenye koili ya zamani.
Mwali ukahama.

Dakika ya ishirini na mbili, lango likaja, likapita.
Mjomba akapunguza mwendo hata hivyo.
Hakuwa na mahali pa kwenda baada ya hapo,
hakuwa amepanga, kwa hiyo tukaenda tu
mpaka barabara ikaishia mtoni,
akazima ufunguo kwa mkono wake mwenyewe
akamimina chai.

Koili ya zamani ilikuwa mapajani mwake, ndani ya kitambaa,
baridi kama jiwe la kunolea.
“Ipime tena,” akasema.
Nikaipima.
Elfu nane na ushei.
“Unaona,” akasema mjomba Ademar.
Nikampa kibuyu.