Kiti cha Jino

Jino la tatu limepasuka tangu asubuhi,
na shafti ya kiwanda cha korosho inangoja mashineni,
nusu inang'aa, nusu kutu.
Nikasema: nilikaza, Somoe. Nilikaza mpaka spana ikapinda.

Hakunijibu. Alilegeza ile skrubu ndogo, akalitoa jino,
akapitisha ukucha ndani ya kiti chake
kama achambuaye mchele.
"Lete mkono."

Unyoya wa chuma. Mwembamba
kuliko ganda la ndani la korosho.
Juu yake ndipo nilipoliketisha jino,
nikakaza, nikajisifu.

Akafuta kwa kipande cha kanga, akapuliza.
Akalisogeza jino kwa kidole gumba hadi likagusa kuta zote mbili,
ndipo akazungusha, taratibu,
akaachia pale skrubu ilipokataa.

Nje, Masasi nzima, malori ya magunia yanapiga honi.
Mashine ikavuma sauti moja.
Uzi wa chuma ukatoka, wa buluu, ukijikunja kwa joto.

Usiku, mlango wangu uliogoma kufunga tangu masika
sikuupiga bega.
Niliinama,
nikapapasa kizingiti.