Nakala ya Nne

Mpendwa Bwana au Bibi,
Hapana. Nimekata. Hatupendani.

Kwa Idara ya Madeni ya Wateja:
mimi Glenys Prosser, wa Llanelli,
mpishi wa shule miaka ishirini na miwili,
naandika jikoni nimevaa glavu mkono mmoja,
maana ule wa kalamu hauna budi kuwa wazi.

Naomba mgandishe riba.

Sisemi mfute deni. Deni ni langu,
nalijua kama ninavyolijua goti langu bovu:
pauni elfu moja mia nane arobaini na saba
chini ya sifuri, huko inakoishi akaunti yangu
tangu Februari.

Husemwa kukopa harusi, kulipa matanga.
Mimi sikukopa harusi. Nilikopa matanga yenyewe:
jeneza la mbao nyepesi, gari moja badala ya mawili,
sandwichi za watu arobaini, wakaja sitini,
kwa kuwa Idwal aliimba sauti ya chini katika kwaya
na wanakwaya hawasusi chakula, hata cha msiba.
Niambieni ningepunguza wapi.

Kila mwezi naweka hamsini.
Kila mwezi riba inakula hamsini na tisa.
Ni kama kumenya viazi
huku mtu nyuma yangu anajaza ndoo.

Tawi lenu la mjini sasa ni kinyozi,
kwa hiyo nilipiga simu. Dakika hamsini na tatu za kinanda,
kisha kijana, mpole, akanisomea fomu kisanduku kwa kisanduku.
Gesi? Ya kadi. Ikiisha, imeisha.
Usafiri? Miguu.
Chakula? Hapo nilikawia.
Mtu hajibu upesi akiulizwa anakula kiasi gani.
Mengineyo?
Maua, nikasema. Pauni nne, Jumapili moja katika mbili.
Akanyamaza. Nikasikia vidole vyake vimeacha kuchapa.
Kisha: "Hayo tuyaandike kwenye usafi wa nyumba, Bi Prosser."

(Mistari hii ya kijana nimeikata yote.
Asije akafukuzwa.)

Humu ndani kila kitu kinajua kuganda.
Mafuta kwenye kikaango. Kioo cha dirisha la choo.
Sabuni ya maji, ambayo sikujua kama inaganda.
Hata saa ya mkono ya Idwal imesimama saa tatu kasoro,
na sijaenda kuinunulia betri.
Riba peke yake haisikii baridi.
Inaamka kabla yangu, inalala baada yangu,
na Jumapili haiendi kanisani.

Basi isimamisheni. Si milele.
Nipeni miezi michache niishike mahali pamoja,
nami nitailipa hiyo hamsini, na ikitoka zamu ya ziada jikoni, sitini.
Sijawahi kumdai mtu asichonacho.
(Nimekata. Ni maneno ya kiburi.)
(Nimeyarudisha.)

Wako mwaminifu.
Hili sikulikata. Ni kweli.

*

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na tisa,
karatasi nzuri, nene kuliko ya kwangu,
jina langu limekosewa herufi moja.
Siku sitini, walisema. Baada ya hapo watatazama upya.
Deni sasa ni elfu moja mia nane themanini na nne,
maana zile siku za kusubiri nazo zilikuwa na njaa.

Jumatatu nikaenda kwenye mashine ya ukutani, kando ya duka la samaki.
Themanini na nne.
Jumanne, mvua ya kulala kwa upepo. Themanini na nne.
Jumatano kulikuwa na mtu nyuma yangu, akakohoa,
akaona sichukui pesa wala siondoki.
Nikamwambia, "Samahani, naangalia tu kama bado ipo palepale."

Ilikuwepo.
Haikusogea hata peni.