Bati la Elburgon

Halikuvuja kwa mvua, bati letu la Elburgon.
Mvua ilipiga, ikateleza, ikaenda zake mferejini.
Lilivuja Januari, mwezi wa vumbi mchana na sakitu alfajiri,
usiku mkavu, nyota tele, mbwa kajikunyata kwenye majivu:
tone, shavuni kwa Nduta.
Tone, kwenye daftari langu, likaifuta saba
nikapata kosa.

Mama alimwita fundi Kipsoi mara tatu.
Alipanda, akatafuta tundu
kama mtu atafutaye chawa kichwani mwa mtoto,
akapaka lami kila msumari, akashuka, akasema: Hakuna.
"Hakuna? Basi magodoro haya yamekojolewa na malaika?"
Salio lake hakupewa. Shilingi mia mbili na hamsini.
Hadi leo kwetu, mshono ukifumuka,
tunasema umeshonwa na Kipsoi.

Miaka ikapita ndipo nikaelewa, Njoro, chuoni,
mbele ya kopo lenye barafu lililotoka jasho nje
wakati ndani hakuna palipotoboka.

Maji yamo hewani, chembe chembe,
kila moja na mbio zake, kama watoto mchana:
wapo, ila ukiwaita humwoni hata mmoja.
Zikigusa baridi, mbio zinaisha.
Zinatafutana. Zinasongamana
kama sisi wanne chini ya blanketi moja la kijivu,
goti la huyu mbavuni mwa yule,
mpaka zinakuwa kitu cha kuonekana,
kitu kizito,
kinaanguka.

Na bati, usiku kucha, limelala chali chini ya mbingu tupu
likigawa joto lake bure, lote, bila kubakisha,
hata likawa baridi kuliko maji ya kisima.

Kumbe yalikuwa yetu.
Kikohozi cha Kabiru. Mvuke wa sufuria ya watu wanane.
Ndoto za Wamaitha, aliyeota kwa sauti.
Sala ndefu ya mama, taa imeshazimwa,
akitutaja mmoja mmoja, na fundi hakumtaja.
Vyote vilipanda, vikagonga bati, vikaturudia usoni.
Tulinyeshewa na sisi wenyewe.

Kisha Nduta akaolewa Ol Kalou.
Kabiru akafuata mbao, kisha akafuata pesa, kisha kimya.
Wamaitha, Eldoret. Pacha wakaondoka siku moja, basi tofauti.
Mama akaniambia kwenye simu: "Bati limepona.
Limejiziba lenyewe."
Hakusema kama mtu aliyefurahi.

Desemba nilikwenda. Usiku nikamweleza haya yote,
kopo, chembe, pumzi. Alisikiliza akichambua maharagwe,
akaniuliza tu kama nimeshiba.

Saa kumi na moja alfajiri nikasikia kifuniko.
Ameingiza jiko la makaa ndani, juu yake ile sufuria kubwa
ambayo haijashuka rafuni tangu pacha waende.
"Unapika nini, mama?"
"Maji."

Akakaa kwenye kigoda, shingo kainua,
mvuke ukipanda na kupotea gizani.
Tukangoja. Makaa yakapasuka mara mbili.
Tone likamwangukia kwenye paji la uso.
Hakulifuta.

"Kipsoi," akasema, "bado yu hai?
Nina deni lake."