Fa ya Chumba Namba Nne

Piano ya chumba namba nne ina funguo themanini na nane.
Zinazolia ni themanini na saba.
Nyamizi ndiye aliyenionyesha, wiki ya kwanza,
akabonyeza katikati: tok.
Ubao mtupu, kama kubisha hodi
kwenye nyumba iliyohamwa.
"Fa imekufa," akasema, akacheka mwenyewe.
"Chumvi ya Bagamoyo hiyo. Hata pasi yangu imeiua."

Asubuhi ni nadharia.
Mwalimu Semboja huchora mistari mitano bila rula,
na haipindi. Unga wa chaki humwagikia viatu vyake.
Anasema kimya nacho huandikwa,
kina alama yake, kina urefu wake,
anayekiruka amekosa sawasawa na aliyepiga noti mbovu.
Nikaandika. Nikapigia mstari.
Sikujua ananisema mimi.

Zamu yangu ya mazoezi ni saa nane mchana,
saa ambayo hata mbuzi wa Dunda wamelala.
Kiti kimetoka sponji, natandika kanga ya mama,
nakalia maneno yake, Mungu anisamehe.
Mizani ya kumi na moja, mara arobaini.
Chumba cha tano mtu anajifunza tarumbeta
na tarumbeta haijakubali.
Mama anapiga simu kutoka Msata:
"Hiyo digrii ya kinanda, ukishaipata, utapiga wapi?
Harusini? Baba yako mdogo anapiga harusini
na la saba hakumaliza."
Nasema hii ni zaidi, mama.
"Zaidi vipi?"
Salio lake likaisha. Nikalishukuru.

Miaka mitatu
kila nilichojifunza kilikuwa na tundu palepale.
Sikio likalizoea kama ulimi unavyozoea pengo,
ukalipitia, ukalirudia,
mwisho ukaliona ni mali yako.
Kidole kinashuka, tok, muziki unaendelea mbele,
na mimi nikidhani huo ndio mkono wangu,
hivyo ndivyo ninavyopiga.

Mei, onesho la kuhitimu.
Viti vya plastiki. Watahini watatu, chupa tatu za maji.
Piano ya kukodi imeletwa kutoka Dar
imeviringishwa mablanketi kama mgonjwa.
Nilianza vizuri, mashahidi wapo.
Mizani ya kumi na moja nikashusha kidole
na Fa ikalia.

Ililia!
Mbichi, nene, karibu mno,
kama mtu uliyemzika akuite sokoni
kwa jina lako la utotoni.
Mikono ikaganda.
Kwenye rekodi ya simu ya Nyamizi nimeyahesabu:
mapigo manne na nusu
ambayo hakuna aliyeyaandika popote.
Mtu akakohoa. Bodaboda ikapita nje.
Kisha nikaibonyeza tena, peke yake, taratibu,
nikaisikiliza hadi ikaisha yote.
Ndipo nikaendelea.

"Amesita bila sababu," aliandika mtahini,
akapunguza alama tano.
Chini yake Mwalimu Semboja aliandika kitu kwa penseli,
kikafutwa. Sijui na nani.
Karatasi imebaki na kovu, ukiiinamisha kwenye mwanga utaliona.

Juni akaja fundi Mkwizu na begi la bisibisi.
Akachomoa kinyundo kilichooza, kipini cha nywele,
na mende mkavu wa miaka mingi.
Akabonyeza. Fa.
"Haya, mzima huyu," akasema, akafuta mikono.
Nyamizi akapiga makofi.
Mimi nikaomba kile kinyundo.

Kipo mezani kwangu, chepesi kuliko kokwa ya ukwaju.
Jana mama alipiga tena, akauliza tena, zaidi vipi?
Nikakigongesha karibu na simu:
tok.
"Nini hicho?"
"Fa," nikasema.
Akashtuka: "Nani kafa?"