Nusu Athari

Hapa Ibra maji ya falaji hupimwa kwa athari.
Athari moja, nusu saa. Nusu athari, robo saa,
kila siku ya tisa, usiku wa manane.
Zamani zamu ilisomwa kwenye Kilimia,
siku hizi arifu anaisoma kwenye simu.
Hiyo ndiyo mali niliyoachiwa na Bi Ghaya binti Nasor:
robo saa ya maji
yaliyochimbiwa njia chini ya mlima
na watu wasiojua kama nitazaliwa.

Mimi ni mtoto wa binti. Kwenye mirathi sina fungu.
Mjomba Saud alichukua nyumba ya udongo, ghorofa mbili,
popo wakiwa wapangaji.
Mjomba Harith akapata mitende arubaini na mmoja,
yote khalasi, na dume mmoja.
Ukafunguliwa wasia. Kadhi akavaa miwani,
akasoma, akaivua, akaifuta, akasoma tena:
"Na maji yangu ya usiku ni ya Rayya,
kwa kuwa yeye ndiye huniamsha."

Wajomba walicheka, kwa adabu.
Maji bila shamba! Utayafunga pembeni mwa kanga?
Harith akaweka riali mia tatu kando ya sinia ya halua.
Sikuzigusa. Hata halua sikuigusa,
na mimi kwa halua, wanaonijua wanajua.

Usiku wa tisa nikashuka na tochi.
Nikachomoa tambara, nikasogeza jiwe.
Maji yakaja kama mtu asiye na haraka,
yakanipita miguuni, yakaenda, wapi?
Kwenye mitende ya mjomba. Sina pengine.
Nilisimama robo saa nzima, vidole vikiganda,
nikinywesha urithi wa mtu.

Ndipo nikalifungua kasha lake.
Chupa ya marashi iliyobaki harufu tu.
Pasi ya Unguja, picha yake akiwa na umri wangu,
kakasirika, au jua lilikuwa kali.
Na chini kabisa daftari la hesabu:
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino wa zambarau.

Mimi Ghaya, mama yangu Shinuna.
Baba yangu Nasor, mama yake Mahfudha wa Wete,
aliyepika bila kuonja.
Baba yake Nasor ni Said, mama yake Zafarani.
Zafarani, mama yake

na hapo pengo, upana wa jina moja.
Chini yake, kwa mkono uliokwisha kutetemeka:
"Hata Zafarani si jina lake. Alipewa sokoni.
La kwao hakumwambia mtu.
Msijaze."

Sablani kwa Harith umetundikwa mti wa ukoo,
umechapishwa Dubai, wino wa dhahabu, kioo kizito.
Wanaume thelathini na wawili,
kila mmoja kazaliwa na mwanamume.
Ukoo mzima usio na tumbo.
Nimeufuta vumbi kila Idi tangu nilipofikia kiti.

Zamu iliyofuata nikamkodisha maji jirani,
Khalfan, mwenye majani ya mbuzi.
Iliyofuata tena pia. Wakati huo ni joto,
joto la kupasua sabuni,
na makuti ya mjomba yakaanza kugeuka rangi.

Akapiga simu baada ya Alasiri.
Akaniuliza hali, hali ya mama, hali ya paka.
Akafika kwenye mia tano.
Nikamwambia: sitaki riali.
Maji chukua, mjomba, mwaka mzima.
Mimi niazime ule mti siku moja,
bila kioo chake. Kalamu nitakuja nayo.

Akanyamaza. Nikasikia feni yake ikizunguka,
mtu akiweka kikombe chini, mbali.

"Kalamu," akasema mwisho, "ya rangi gani?"