Karani wa Mizani

Jumapili katekista Rwakaikara alitusomea
habari za mwenye shamba la mizabibu,
nasi ambao hatujaona mzabibu tangu kuzaliwa
tukaona chai: kijani hadi Kyenjojo,
kijani hadi miguuni pa Rwenzori.

Akasema mfano huu ni wa mbinguni.
Mwenye shamba ni Mungu, dinari ni uzima,
na wale wa saa kumi na moja ni sisi,
tuliochelewa kuisikia Injili.
Benchi la nyuma likaguna.
Tumuhairwe, mwenye vidole vyeusi kwa utomvu,
akanong'ona: "Huyo Bwana hajawahi kuchuma."

Mimi nilinyamaza. Mimi ni karani wa mizani.

Kwetu saa ya Injili haihitaji mfasiri.
Kumi na moja ni kumi na moja:
jua limekalia kilima,
trekta linanguruma,
kalamu iko sikioni mwangu.
Saa hiyo hatuajiri mtu. Saa hiyo tunapima.
Kikapu kwenye ndoano, mshale unatetemeka,
natoa kilo mbili,
moja ya kikapu, moja ya umande.
Hata kiangazi natoa ya umande.
Ofisi ilinifundisha, nami ni mwepesi wa kufundishika.

Usiku nikakifungua kitabu mwenyewe,
kwa tochi ya simu, chini ya blanketi,
nikamkuta mtu ambaye hakuhubiriwa:
msimamizi.
Hana jina. Hana neno hata moja.
Anaambiwa aite, anaita.
Anaambiwa aanze na wa mwisho, anaanza na wa mwisho.
Wahubiri wote wanaupima moyo wa tajiri
na jicho la wale wa alfajiri;
nani ameitazama mikono ya yule karani?
Fedha yote ilipita humo.
Angeweza kukata kidogo, na sababu alikuwa nazo:
ada ya kuchelewa, ada ya vumbi,
hata huruma kwa waliochomwa na jua.
Hakukata.
Nikazima tochi. Usingizi haukuja.

Alhamisi akafika Driciru, jua likielekea kushuka,
mtoto mgongoni, pamba ya sindano bado pajani.
Tangu alfajiri alikuwa kwenye foleni ya zahanati.
Kusimama nako ni kazi,
ila hakuna ndoano ya kutundikia miguu.
Akachuma alichoweza.
Kengele ilipogongwa alikuwa na kilo sita.
Sita. Kwa desturi yangu, nne.

Mshale ukatulia kabla yangu.
Nikaandika sita.

Sita si dinari, najua.
Mimi si mwenye shamba,
siwezi kumpa wa jioni ujira wa mchana kutwa.
Nilichoweza ni kutomla.

Lakini Tumuhairwe alikuwa nyuma yake, na Tumuhairwe anajua kusoma.
"Karani," akasema, "leo umande umekwenda wapi?"
Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walianza na wa mwisho:
ili wa kwanza waone.
Ili wapige kelele.
Kikapu chake, thelathini na nane.
Nikaandika thelathini na nane,
na foleni nzima ikasogea, ikaliinamia daftari
kama watu wanaoota moto.

Sijui ofisi itasema nini hesabu zikifungwa.
Nilipomweleza katekista, alikuna kidevu,
akasema maelezo hayo hayamo katika mafundisho yake.
Huenda.
Shairi hili nalo, mwenye kulisoma ataona,
halina mizani.
Mizani niliiacha kibandani, inaning'inia,
na leo alfajiri, kabla ya kikapu cha kwanza,
nilivua shati nikaifuta umande.