Ladha ya Moshi

Mteja wa Goma ndiye aliyenifundisha.
Alimega sangara, akafumba macho, akasema:
"Huyu ni mkuyu, mama. Wa jana alikuwa mgunga."
Nikacheka. Nikadhani ni mbinu ya kushusha bei.
Usiku nikajaribu mwenyewe, taa nimezima,
na ulimi wangu ukaujua mti.

Tangu siku hiyo sina daftari.
Nina ulimi.

Mwaka nilioolewa Kayenze samaki wangu walikuwa mkuyu:
moshi mzito, mtamu kwa mbali,
uliotulia kwenye mnofu kama mgeni aliyepewa kigoda.
Kuni niliziokota huku namsikia Holo akilia nyumbani.
Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu:
nisipovuka mwisho wa kilio chake,
kuni zinatosha.

Holo alipoanza shule
nilikwenda hata kengele nisiisikie.
Mgunga. Moshi mkali, wenye haraka,
samaki anakauka nje, ndani bado analia.

Alipofika darasa la saba kuni zilikuja zenyewe,
juu ya baiskeli ya Lugwisha, usiku,
kutoka upande wa Magu,
mahali asipopenda kupataja.
Sikuuliza.
Nalisema tena ili nisije nikalisahau:
sikuuliza.

Kisha mkaratusi,
na sangara akanuka kama kifua cha mtoto
aliyepakwa dawa ya mafua.
Kisha mwarobaini, mwezi mmoja tu.
Nilimtupia paka kichwa cha samaki,
akanitazama kama niliyemtukania mama.

Wageni wakipita wanasifu:
"Mwanza kweli mna mawe!"
Mawe hayajazaana, jamani.
Ni vilima vimevuliwa nguo,
nasi tunawapiga picha wakiwa uchi.
Mvua ikishuka, udongo hauna wa kuushika mkono,
unaserereka mwekundu hadi ziwani,
na maji ya ufuoni yanageuka chai ya maziwa.
Furu hulea watoto wake mdomoni.
Siku hizi sijui anawatemea wapi.

Wahenga walisema penye moshi pana moto.
Mimi mkaushaji naongeza:
penye moshi palikuwa na kivuli.

Mwezi wa tatu nilinunua mtumbwi.
Si wa kuvulia.
Mjane wa Shigela aliuuza kwa bei ya kuni,
mbao za mvule, mti ambao Holo ameusoma tu kitabuni,
rangi ya bluu imebabuka,
jina bado linasomeka ubavuni: TUTAFIKA.
Niliupasua kwa shoka mwenyewe.
Niliziweka mbao chini ya chanja,
TUTA ikashika moto kwanza,
FIKA ikabaki peke yake, ikifuka,
mpaka karibu alfajiri.

Yule mteja akaja. Mvi zimemjaa sasa.
Akamega, akafumba macho.
Akakaa hivyo muda mrefu kuliko siku zote.
"Mama, huyu ni nini?"
Nikamwambia: "Mtumbwi."
Hakucheka. Hakushusha bei.
Alimrudisha samaki juu ya chanja taratibu,
kama mtu anayefunika maiti,
akaenda kuulizia dagaa wa jua.

Nyuma ya choo nimechomeka kijiti cha mkuyu.
Kina majani manne. Jana yalikuwa matano;
mbuzi wa Nyanjige anaijua hesabu kuliko mimi.
Nimekizungushia wavu uliochanika,
kila jioni nakimwagia maji niliyooshea samaki,
kinanuka, kinakunywa.

Moshi wake sitauonja, wala siutaki.
Holo ana mimba ya miezi sita.
Mtoto huyo akizaliwa, akalia,
nataka kilio chake, kikitoka mlangoni,
kigonge mti.